Mkurugenzi wa Mashine Zisizowaka

Kinyozi alipolalamika kwamba mashine za michezo za kushika mkononi, zile za makampuni makubwa, bei yake haishikiki, tapeli mmoja aliyeitwa Asali kwa utamu wa maneno yake aliinuka kitini na nusu ya kichwa haijanyolewa, akaenda kutafuta plastiki.

Wiki haikuisha kabla hajapata katoni nzima ya mashine zinazong'aa, zenye vitufe vya rangi, na ndani kokoto za kuzipa uzito. Iliyowaka ni moja tu, ya mitumba, aliyoibandika jina jipya. Akampelekea Mama Chaja, mwenye duka jipya la vifaa vya umeme pale kona, mjane mwenye sura ya upole ambayo tapeli yeyote akiiona humshukuru Mungu.

"Mama yangu, nakupa uwakala wa mji mzima. Nilipe nusu tu, katoni ni yako."

Mama Chaja akaibonyeza ile inayowaka. "Mwanangu, mchezo ni huu mmoja?"

"Mingine iko njiani, mama."

"Nani atanunua cha njiani? Bila michezo wateja hawaji. Na bila wateja, watunga michezo hawakutazami. Hapo ndipo wengi hukwama." Akamwonea huruma, akamwonyesha kijana aliyeketi nyuma ya kaunta. "Ila huyu mpwa wangu hutunga michezo. Mridhishe yeye kwanza, nami nitakulipa yote, si nusu."

Hapa mtu mwenye akili timamu angeaga. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Asali hakuwa na mali ila pikipiki yake nyekundu, jasho la miaka mingi ya kudanganya, naye aliipenda kuliko ndugu zake. Alimkabidhi mpwa funguo, malipo ya michezo, huku roho ikimuuma kwelikweli.

"Sasa lete picha yako tuiweke dirishani," akasema Mama Chaja. "Watu hawaamini mashine ngeni mpaka waone sura ya mwenyewe."

Asali akaazima suti. Alipojiona dirishani, chini kumeandikwa MKURUGENZI, kichwa kilimvimba akasahau hata pikipiki.

"Njoo kesho uchukue chako, mwanangu."

Kesho yake duka lilikuwa tupu, hata balbu zimeng'olewa, imebaki picha yake tu dirishani. Mlinzi wa jirani akamwambia kwamba mama aliuza katoni yote jana kwa bei ya uzinduzi, kisha akaondoka na mpwa wake, wamepakizana kwenye pikipiki nyekundu.

"Dunia imeharibika!" Asali akalia, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. "Watu hawana hata hofu ya Mungu!"

Nyuma yake kokoto zikalia. Kundi la watu lilikuwa linakuja, kila mmoja na mashine yake, mbele yao fundi chuma mwenye mikono mipana. Fundi akaitazama picha, akamtazama Asali, akaitazama picha tena. Asali akageuka kuitafuta pikipiki, kwa mazoea tu.

"Shikamoo Mkurugenzi," fundi akasema kwa adabu, akimkamata ukosi. "Yangu haiwaki. Mama alisema ikigoma tumwone mwenye picha."