Kibali cha Kusafirisha Kimondo

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba mkoa wetu una Kamati ya Kukengeusha Vimondo, nami ndiye Mwenyekiti. Wataalamu wa nje walisema jiwe kubwa la angani linaikaribia dunia. Mahali pa kuanguka hawakupataja, hivyo tukapapanga wenyewe kikaoni: Matombo, kwenye migomba ya Bibi Mwajuma. Ni sadfa tu kwamba mwekezaji mmoja alikwishapapenda hapo kwa ajili ya hoteli. Kwa kanuni niliyoitunga, mkazi wa eneo la kimondo huhama ndani ya siku saba, na eneo hukabidhiwa mwekezaji.

Bibi Mwajuma akateremka hadi ofisini, Morogoro Mjini. Nikampa shikamoo, serikali ina adabu.

"Marahaba. Mwanangu, kazi yenu si kulisogeza hilo jiwe?"

"Ndiyo, bibi."

"Sasa mbona mnanisogeza mimi?"

Nikamweleza kwamba suala hilo ni la kitaalamu. Akasema migomba ile aliipanda na marehemu mumewe, haondoki hata mbingu ianguke. Inaniuma kusema, lakini wananchi wetu hawana mwamko.

Siku ya tano wizara ikaleta telegramu: kamati isiyo na matokeo itavunjwa Ijumaa, na watumishi wake kupunguzwa. Niliogopa, sifichi. Fomu ya kukengeusha kimondo hatukuwa nayo. Ila tangu biashara ya mazao iwe huria, kabati letu limejaa vibali vya kusafirisha mazao, havina kazi. Nikajaza kimoja kwa uangalifu. Mzigo: kimondo kimoja. Kutoka: kwa Bibi Mwajuma, Matombo. Kwenda: Morogoro Mjini, maana ndivyo vilivyochapwa vyote. Mpokeaji: bila jina na anwani kibali ni batili, nikaandika vyangu. Nikagonga mhuri. Wizara ikatupongeza kwa kukisogeza kimondo, na nakala moja ikaenda kwa mwenye shamba, kama utaratibu unavyotaka.

Jumatatu Bibi Mwajuma akampelekea mwekezaji nakala hiyo. Mwekezaji akaisoma mara mbili, akaja kuitazama nyumba yangu, akasema mandhari yake ya milima ya Uluguru yanamfaa, akanipa siku saba.

"Jamani, hilo jiwe ni la kwenye karatasi tu!" nikapiga kelele.

"Na kanuni je, mzee?"

Kanuni ilikuwa na saini yangu.

Jana nilipanda Matombo na godoro kichwani, mke wangu Rahel akinisema njia nzima. Nikamwomba Bibi Mwajuma hifadhi.

"Karibu, mwanangu," akasema, akitusogezea mkeka. "Hapa ni salama. Serikali imethibitisha."