Madirisha Yabaki Yamefungwa

Jumatatu, 3 Februari

Nimepoteza abiria watatu leo alfajiri, mbele ya geti langu mwenyewe. Nesi, Karani wa benki na Mzee Koti. Majirani zangu! Miaka minne nimewapeleka kazini bure. Leo wamenipita na kupanda gari la Jirani Kicheko, yule anayecheka utani wake kabla hajaumaliza. Wakanipungia mkono. Nikajifanya naangalia tairi.

Sababu naijua. Tangu wiki iliyopita kiyoyozi changu kinapuliza hewa ya vuguvugu. Nimetundika kipimajoto kwenye kioo cha kati: nyuzi thelathini na nne. Ijumaa Mzee Koti alithubutu kuomba tufungue madirisha. Nikamwambia baridi iko njiani, akifungua ataifukuza. Kisha mtu mwenyewe kavaa koti! Si avue?

Gari hili nililipata kwa jasho langu. Sasa nalitolea jasho mara ya pili.

Nimeendesha peke yangu. Kiti cha mbele kina alama ya mkoba wa Nesi. Nimeipangusa. Haitoki.

Jumanne, 4 Februari

Fundi anasema gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja. Anataka nimwachie gari siku nzima. Siku nzima! Nesi si atakuwa ameshazoea kwingine?

Nimekataa. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, kuanzia msingi hadi mlango wa choo. (Mlango haufungi, lakini hilo ni kosa la kitasa.) Nimenunua makopo ya gesi. Maelezo yanasema kopo moja. Hayo ni kwa watu wanaoridhika. Nimejaza matatu. Hesabu haidanganyi: kila kopo lishushe nyuzi tano, kesho nina kumi na tisa.

Nyumba kimya. Mama watoto alikwenda kumsaidia binti yetu alipojifungua. Wiki mbili tu, alisema. Mtoto sasa anapanda ngazi.

Jumatano, 5 Februari

Thelathini na tisa!

Kompresa, ile pampu ya kiyoyozi, imegoma kabisa. Lakini mwanamume hakosi mbinu. Nimevaa sweta, nikafunga vioo vyote, nikapita taratibu kwa Kicheko wakati wanapanda. Huku nasugua viganja kama mtu aliyeganda. Mzee Koti kanikodolea macho. Karani kamnong'oneza kitu. Wivu huo!

Kufika kazini, bosi kaniuliza nimenyeshewa wapi.

Jioni Nesi kabisha hodi. Kaniletea dawa za homa. Eti asubuhi aliniona natetemeka huku natiririka jasho. Nikamwambia hiyo ni baridi ya gari langu, karibu kesho. Akaniuliza kama nimekula. Swali halikuhusu gari.

Dawa nimezipanga mezani. Baada ya kuondoka nikakumbuka sikumkaribisha hata kiti.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeshindwa, nimempelekea Fundi gari. Kaita wenzake waje waone. Mzee, kasema, umelishindilia gesi kama mtu aliyealikwa karamu tatu siku moja! Ikizidi nayo haipozi, ndiyo maana kompresa imejizima. Ataipunguza, na mpira unaovuja ataubadilisha. Nikamwambia nilikuwa namjaribu.

Natembea kwenda kazini, mara gari linasimama. Kicheko! Ingia, ndugu yangu, jua hilo litakukaanga. Nikakubali, kwa upelelezi tu. Wakanibana katikati ya Karani na Mzee Koti.

Nikatafuta kiyoyozi chake. Hana! Palipokuwa na vitufe pana tundu, limezibwa kwa soksi. Vioo vyote chini. Viwiko nje. Koti la Mzee linanipiga usoni kama bendera. Nikauliza kwa hasira, kumbe huku mlifuata nini? Nesi akageuka. Kaka, kasema, sisi joto lako halikutusumbua, tungefungua dirisha yakaisha. Ila kwako mtu akipumua unamwambia amepandisha nusu nyuzi.

Uongo. Ilikuwa robo.

Kicheko akaanza kisa cha mbuzi aliyeingia benki. Hakukimaliza, kicheko kilimzidi. Nilicheka. Mara moja. Ni upepo ulinisukuma.

Ijumaa, 7 Februari

Gari limepona. Kumi na nane! Nimepita kwa Kicheko nikipiga honi. Wameniitikia kwa shangwe, kisha wakapanda kwake.

Nimeganda peke yangu njia nzima. Taa nyekundu ilinikuta kando yao. Vioo vyangu juu, vyao chini. Midomo yao inacheka, sisikii kitu. Yule mbuzi aliingia benki kufanya nini?

Nimeyatafakari sana maneno ya Nesi. Sasa nimeelewa kosa langu. Kumi na nane ni baridi mno.

Nimeandika karatasi tatu, nimezipitisha chini ya milango yao:

"Ndugu abiria. Kiyoyozi kimepona. Madirisha yatabaki yamefungwa. Swali ni moja tu: mnataka nyuzi ngapi? Nataka namba, si hadithi. Jibu linifikie Jumapili kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nitakuwa getini kuanzia saa tatu asubuhi. Viti vipo."