Miche Mia Sita

Jumatatu, 4 Juni
Ukungu wa kijivu umeingia kwenye kitalu nyumba changu. Safu tatu za nyanya, mashina yameota manyoya kama panya. Bwana shamba kaja, kaingia kiubavuubavu. Kasema miche imebanana, hewa haipiti, majani hayakauki. Banda hili ni la miche 380. Mimi nimepanda 600. Hesabu nilijifundisha mwenyewe. Kaagiza nifungue mapazia ya pembeni, nimwagilie asubuhi, shinani tu, na kila mche mgonjwa ung'olewe, uchomwe moto. Jumamosi mpishi mkuu wa hoteli anakuja kuchagua nani amuuzie nyanya msimu mzima: mimi au shemeji yangu, mwenye banda la jirani. Nimechoka kabla sijaanza.

Jumanne, 5 Juni
Nimefungua mapazia. Saa tatu shemeji kapita, kachungulia, kauliza kama siku hizi nafuga kondoo. Kacheka peke yake mpaka kwake. Nimefunga mapazia.

Alhamisi, 7 Juni
Ndani kama bafuni. Nailoni ya juu inadondosha maji kwenye majani. Safu tatu zimekuwa nane. Nimefuta ukungu kwa tambara, tunda moja moja. Mke wangu kasema, baba watoto, hilo tambara ndilo linalotembeza ugonjwa. Nikaendelea kufuta. Nilikuwa nimefika tunda la 113.

Ijumaa, 8 Juni
Mke wangu kamwita bwana shamba bila kuniuliza. Wameng'oa miche 220. Mimi nimepewa kazi ya kushika mfuko. Kila nikijongea naambiwa niufunge kwanza, nisipeperushe ukungu. Utadhani mgonjwa ni mimi.

Jumamosi, 9 Juni
Mpishi kachagua nyanya za shemeji. Shemeji kanipa pole mara nne. Hata hivyo mpishi kasema miche yangu iliyobaki ni safi. Akiikuta hivi baada ya wiki nne, nusu ya oda ni yangu. Mke wangu kamwahidi ataikuta.

Jumatatu, 18 Juni
Mapazia wazi, majani makavu, ukungu hakuna. Bwana shamba katembea katikati ya safu kifua mbele, kasema usiguse kitu, mzee, acha hivyohivyo.

Alipoondoka nikachukua futi kamba. Nafasi 220 zimekaa bure, zinakula hewa tu. Mke wangu kauliza napima nini. Nikamwambia napima upepo.

Miche mipya inafika kesho. Nimeagiza 250. Ukitazama vizuri, thelathini zaidi inaenea.