Fukusi wa Mama na Koti Jeupe

Jumatatu, 2 Juni

Kikao cha ghafla. Mkurugenzi katangaza kwamba mwisho wa mwezi taasisi yetu inasherehekea kuzaliwa kwake. Wageni watakuja. Watafiti wawili wakongwe, yaani mimi na Bibi Nyigu, tutasimama kusimulia tukio la kukumbukwa katika maisha yetu ya sayansi. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba chumba kimoja cha wadudu kitafungwa. Atakayewagusa wageni zaidi atabaki na chake. Mwenzake atahamia stoo ya mifagio.

Stoo! Mimi na fukusi wangu!

Najua kwa wengine fukusi ni aibu ya jikoni. Hawa wangu nimewafuga tangu nilipoajiriwa, kizazi baada ya kizazi, kwenye chupa kubwa za kioo zilizofungwa kitambaa mdomoni. Mbegu yao niliichota kwenye gunia la mahindi la marehemu mama. Mama kaondoka, ghala lake limebomolewa, fukusi wake bado wanatafuna. Wakiisha hao, sina kingine cha mama kinachopumua.

Bibi Nyigu yuko mlango wa pili. Anafuga nyigu wadogo kuliko chembe ya ufuta. Mtu hawamuumi. Kazi yao ni kutoboa punje, kumchoma mtoto wa fukusi aliyejificha ndani, na kutaga yai juu yake. Wauaji! Ndiyo maana mlangoni kwangu nimebandika tangazo kwa mkono wangu mwenyewe: ALIYETOKA KWA NYIGU ASIINGIE HUMU NA KOTI LAKE. Mkurugenzi mwenyewe niliwahi kumvua koti kwenye korido. Alikuwa na wageni.

Jumatano, 4 Juni

Tukio la kukumbukwa sina. Nimejikuna kichwa mpaka kimeuma. Maisha yangu yote nimehesabu fukusi. Wakiongezeka naandika wameongezeka. Wakipungua nakosa usingizi.

Mke wangu kasema nisimulie siku niliporudi nyumbani kumwomba mama mahindi yaliyobunguliwa. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kamsomesha mtoto kwa jasho, mtoto anarudi na shahada kuomba fukusi! Nikamwambia mke wangu hiyo si sayansi, hizo ni hadithi za jikoni. Wageni wanataka mlipuko. Akasema mlipuko upo, ningojee tu tumbo langu na hizo karanga ninazotafuna mchana kutwa. Hana heshima kwa utafiti huyu mwanamke.

Lakini nimepata wazo! Hotuba yangu haina haja ya kuwa nzuri. Inatosha ya Bibi Nyigu iharibike. Nyigu wakishikwa na baridi huzubaa. Nikipunguza hita yake kidogo tu, wageni watakuta chupa zimejaa wadudu waliolala doro. Nani atashangilia wauaji wanaosinzia? Hii si hujuma. Ni jaribio.

Ijumaa, 6 Juni

Tayari! Bibi Nyigu kaenda kula, mimi nikaingia. Moyo ulinidunda nikahisi chupa zinasikia. Hita iko kona ya mwisho, swichi yake ya kuzungusha imefutika alama zote. Nikazungusha. Mara nyayo kwenye korido! Nikajibanza nyuma ya rafu. Vijidudu vinanitambaa begani, karanga iko mdomoni, siwezi kutafuna wala kumeza. Nyayo zikasimama mlangoni. Nilimwomba Mungu, nikaahidi mambo mengi.

Alikuwa mfagiaji. Akapita.

Nikachomoka mbio, nikajifungia chumbani kwangu, kijasho chembamba kinanitoka. Ili nitulie nikafungua chupa moja baada ya nyingine, nikawasalimu watoto. Hakuna kitu kinachonituliza kama fukusi.

Jumanne, 10 Juni

Bibi Nyigu kasimama kwenye korido, jengo zima linamsikia. Kuna mtu kaingia chumbani mwake na kugusa hita. Nikaanza kutafuta maneno ya kujitetea. Kumbe anashukuru! Chumba kimepata joto zuri, nyigu hawajawahi kuzaliana hivi.

Nilizungusha upande wa kuongeza.

Akanigeukia, akaniuliza mimi, "kaka yake" kama anavyoniita, iwapo sikumwona mtu. Nikasema nilimwona mfagiaji akipita. Si uongo. Alipita. Tangu hapo mfagiaji anafagia kuelekea miguu yangu.

Jumatano, 18 Juni

Mungu wangu.

Kila asubuhi huweka sikio kwenye chupa. Watoto wa fukusi wakiwa ndani ya punje utawasikia wanatafuna, mlio mdogo wa kupendeza. Leo chupa ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nikazipitia zote. Kisha nikamwona, anapanda kwenye kioo bila haraka kama mwenye nyumba. Nyigu.

Koti! Koti langu mwenyewe! Tangazo nimeliandika mimi kwa herufi kubwa, na mbele yake nimepita mimi.

Wazazi wao niliwachuja mwezi uliopita, kama tufanyavyo siku zote, ili kwenye punje wabaki watoto peke yao. Kwa hiyo kilichobaki cha mama kilikuwa ndani ya punje hizo, na ndani ya punje hizo sasa kuna nyigu. Siwezi hata kupiga kelele. Nikipiga kelele wataniuliza nani kawaleta. Nimekaa chini ya meza nikaficha uso. Nimekula wa chuya.

Jumatatu, 23 Juni

Nimekwenda sokoni kutafuta fukusi wengine. Nikamwomba muuza mahindi anipimie yale yaliyobunguliwa. Akauliza nani kanituma. Nikamwambia nahitaji fukusi wengi iwezekanavyo, hai. Akaita majirani washuhudie jinsi anavyotukanwa. Nimerudi na kikapu kitupu na kola imechanika.

Sawa. Nimenunua pilipili manga. Nyeusi, ndogo. Nimezimwaga ndani ya chupa juu ya mahindi. Ukisimama mbali kidogo, ukikunja macho, ni fukusi waliotulia. Nitawaambia wageni wamelala.

Ijumaa, 27 Juni

Siku yenyewe imepita.

Wageni waliingia chumbani kwangu kwanza. Nikawaomba wasisogee karibu. Mgeni rasmi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba na udadisi usio na mipaka, akasogea karibu. Akainama juu ya chupa, akavuta pumzi, akapiga chafya. Kitambaa kikaruka. Nyigu wakatoka kama moshi. Mmoja akatua kwenye pua ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi akauliza nyigu wanatafuta nini kwenye chumba cha fukusi. Bibi Nyigu akaichukua chupa, akaitikisa, akanusa pilipili, akanitazama. Macho yake yalinipekua mpaka mifukoni. Nilijua yamekwisha: chumba, kazi, jina.

Akawageukia wageni. Akasema hili ndilo tukio lake la kukumbukwa. Kwa muda mrefu ameomba ruhusa ya kuwajaribu nyigu wake kwenye chumba kizima cha fukusi, akakataliwa. Leo hawa wadudu wadogo wamemaliza chumba kizima, kwa sababu kaka yake amejitolea kuitoa mifugo yake ili mahindi ya watu yapone. Tena si mifugo ya kawaida. Akasimulia habari za mama: mwana kurudi na shahada, gunia, kicheko, mama kukaa chini. Nilimsimulia mimi, mwaka alipoanza kazi, kabla hatujagombana, siku nilipompa kikombe cha fukusi wangu awalishie nyigu wake wa kwanza. Mgeni rasmi akavua miwani akafuta machozi. Watu wakasimama, makofi yakapigwa.

Kaniibia hotuba!

Nami nikalia mbele za watu. Wakasema ni unyenyekevu. Nilikuwa nawalilia fukusi wa mama, na mama mwenyewe.

Chumba kapewa yeye. Mimi nimepewa cheti cha kujitolea na ufunguo wa stoo. Kwenye korido Bibi Nyigu akaninong'oneza kwamba siku nyingine nikienda kuchezea hita ya mtu nisiache maganda ya karanga. Nikajifanya hamnazo. Kisha akasema jambo lililonifanya nishike ukuta. Kile kikombe bado kipo hai. Kizazi chake anacho kwenye chupa ya mwisho rafuni, ndicho chakula cha nyigu hadi leo. Atatenga kiasi, atakifunga pembeni wiki kadhaa mpaka ahakikishe hakuna nyigu hata mmoja ndani, halafu ataniletea mwenyewe. Akanisihi jambo moja tu: nisubiri, nisiingie. Nikamshika mkono. Nilimwita dada. Nilimaanisha.

Jumatatu, 30 Juni

Stoo si mbaya. Ina rafu na dirisha. Tangazo langu nimelibandika mlangoni, herufi kubwa zaidi.

Lakini nimewaza. Kwa nini nisubiri? Fukusi wa mama yangu, nisubiri ruhusa ya nani? Wiki kadhaa za nini? Huyu anapanga jambo. Anataka kuja kunikabidhi mbele ya Mkurugenzi apigiwe makofi tena. Hanipati mara mbili!

Bibi Nyigu kaenda kula. Nimeingia. Roho juu, lakini safari hii nimefanya kitaalamu: hita sikuigusa, na karanga niliziacha mezani. Nimeichukua chupa ya mwisho, nikaificha ndani ya koti, nikarudi bila kuonekana ila na mfagiaji.

Nimeweka sikio. Wanatafuna! Mama, wanatafuna! Nimefungua kitambaa nikawasalimu mmoja mmoja. Nimecheka peke yangu mpaka nikakaa chini.

Kijidudu kimetua kwenye ukurasa huu sasa hivi. Kidogo, hata chembe ya ufuta inakishinda. Nimekipuliza, kimeruka kuelekea rafuni. Stoo hizi zina wadudu mno. Kesho nitamsema mfagiaji.