Kisima Changu cha Migombani

Jumatatu, 3 Februari 1986
Mwanangu Elinaza amemwaga ndoo ya mwisho ya maji sasa hivi. Kisha akakaa kwenye tope, akapiga makofi. Hata miaka miwili hajafika! Nimembusu, nikalia kidogo. Bomba la mtaa linakoroma tu. Lakini nina mpango. Kwetu Mhezi, kule milimani, mgomba ukistawi kiangazi, chini kuna maji. Hapa Same kila kitu kimekauka, isipokuwa migomba ya mpakani kwa jirani yangu Hedwiga. Imenona! Watu hawana macho?

Jumatano, 5 Februari
Msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, umefana. Nimewapikia makande wenzangu wa kwaya, tukachimba kwa zamu. Maji! Meupe, ya baridi. Hedwiga katoka chooni kwake, hapo hapo nyuma ya migomba, akauliza kama sisi wa milimani tunakunywa chochote kinachong'aa. Nikamjibu alete ndoo, aache maneno.

Ijumaa, 7 Februari
Elinaza anaharisha tangu alfajiri. Macho yameingia ndani. Titi hataki. Mwanangu! Nesi wa zahanati kasema nimpe maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, bila kuchoka. Sukari! Madukani kote hakuna. Hedwiga kanitolea yake, kaifunga kwenye pindo la khanga, kisha akabandika maji ya kuchemsha. Afadhali angenisema, nimkasirikie.

Jumapili, 9 Februari
Amekojoa! Amekunywa uji, amenivuta nywele. Asante Mungu.
Jana bwana afya alikuja kukagua. Kasema migomba inanona kwa choo cha Hedwiga, na uchafu huo huo unapita chini kwa chini hadi kisimani kwangu. Eti maji kuwa meupe si kuwa safi. Kifukiwe, na maji yote tuchemshe. Tumefukia. Hedwiga alishika jembe, akinisalimia: shikamoo, Mhandisi! Mhandisi! Nilitamani kuingia shimoni.
Ila sasa nimeelewa. Kosa ni choo. Basi leo baada ya ibada nimezunguka mtaa mzima. Kwa mzee Isihaka hakuna choo karibu hata kimoja! Lipo zizi lake tu, na chini ya zizi majani mabichi, laini, yanapendeza mno. Kwa nini hakuna aliyewaza? Hedwiga ananiita, eti mtoto analilia titi. Nakuja! Kesho naloweka mahindi ya makande, nawaita wenzangu, tunaanza kuchimba pale pale ng'ombe wanapokojolea.