Betri Mpya, Bwana Mpya

Asali alikuwa anasubiri viatu vyake vipigwe rangi kwenye kibanda cha jirani, amesimama pekupeku juu ya gazeti, alipoisikia bahati yake ikitokea duka la ushonaji.

Ndani, fundi wa nguo alikuwa anashona huku redio ikiimba, naye akiifuatisha kwa mdomo. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba hakumfuatisha mwimbaji. Alikuwa anafuata kile kinachokwenda chini kabisa, kile ambacho watu hukisikia kwa tumbo kuliko kwa sikio: dum, dum-dudum, dum. Mguu wake ulikanyaga cherehani kwa mdundo uleule. Mwanamke mzima, miwani puani, pini zimejipanga kwenye kola, anapiga besi bila gitaa.

Asali akachungulia zaidi. Juu ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya vitambaa, palikuwa na kompyuta ndogo mpya. Mpya kweli, nailoni ya kiwandani bado imegandamana na mfuniko.

"Mtu ambaye hajabandua nailoni," alijisemea, "hana wa kumwuliza maswali."

Akaingia hivyo hivyo, bila viatu.

"Hodi, mama. Samahani sana. Mimi nilikuwa napita, masikio yangu ndiyo yamekataa kupita. Hiyo besi umefundishwa na nani?"

Cherehani ikasimama. Fundi huyu mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, na hakuwa mtu wa kuona haya, lakini hapo aliona.

"Ah, mazoea ya mdomo tu, kaka. Nilipokuwa binti niliomba kupiga gitaa la besi kwenye bendi ya mtaani. Wakaniambia wanawake hukaa mbele wakitikisa kiuno, la sivyo niwashonee sare."

"Ukashona?"

"Nikashona. Suruali zote nikazibana makalioni. Wakapiga onyesho zima wamesimama wima kama nguzo za umeme. Aliyeinama, alijuta."

Asali alicheka mpaka akashika ukuta. Angekuwa na akili angevaa viatu vyake na kwenda zake. Lakini Asali alikuwa na sauti, na Mungu akikupa sauti kama ile hukupunguzia kwingine. Ilikuwa nene, tamu, ya taratibu. Angekusomea bei ya chumvi ungelia.

Tuseme ukweli, hakuwa mwanamuziki. Alijua vipande viwili vya besi, kimoja cha kuuzia na kimoja cha kuagia. Mtaji wake wote duniani ulikuwa gitaa moja la besi, jekundu, linalong'aa, ambalo alilipa jina la Bibi Harusi kwa sababu alishaliozesha mara nyingi na kila mara likarudi nyumbani. Mgongoni lina kimlango, na ndani ya kimlango mna betri ndogo ya mraba. Gitaa la aina ile likikosa betri ni ubao wenye nyuzi. Tena ukiuacha waya umechomekwa, betri inaliwa polepole hata kama hakuna anayepiga. Wapigaji wanalijua hilo. Wanaoanza hawalijui, na Asali alikula kwa wanaoanza.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Anaweka betri iliyochoka, anapokea mahari nzima, anamwambia mnunuzi asiuchomoe waya. Siku chache baadaye gitaa linanyamaza. Mnunuzi anapiga simu akilia. Asali anakuja akilia zaidi, anatangaza kwamba limeungua ndani, kisha kwa huruma anainunua maiti kwa bei ya kuni. Anakwenda zake, anatia betri mpya, anatafuta bwana mwingine.

"Mama," alisema sasa, akikaa bila kukaribishwa, "kuna mpigaji mmoja mkubwa amehamia ng'ambo. Gitaa lake kamwachia mkewe, na mkewe hataki hata kuliona. Anauza bei ya kutupa."

"Kwa nini atupe?"

"Machungu, mama. Mtu mwenye machungu hajui bei."

Macho ya Mama Vifungo yakawaka nyuma ya miwani. "Basi mwambie mwenye machungu apunguze tena."

Walivutana. Asali alishuka bei mara kadhaa, kila mara akijishika kifua kama anayechomolewa mbavu, na mwisho mama alishinda kwa furaha kubwa. Asali alipenda washinde. Mtu aliyeshinda haulizi kitu.

*

Kesho yake alileta Bibi Harusi ndani ya mfuko mweusi wenye zipu, pamoja na maikrofoni na kisanduku cha kuunganisha gitaa na kompyuta. Mama Vifungo alimpeleka chumba cha nyuma, ambako majora ya vitambaa yalipangwa ukutani kutoka sakafuni hadi darini.

"Makofi," Asali alisema. "Piga makofi, mama."

Akapiga. Sauti ikafia palepale.

"Umesikia? Ukuta haurudishi kitu. Watu wanalipa kujenga chumba cha kurekodia kama hiki, wewe umekipata kwa kushona magauni."

Hilo lilikuwa kweli, na huenda ndilo neno pekee la kweli alilosema wiki ile. Akachomeka waya, akapiga kipande cha kuuzia, akamkabidhi mama gitaa. Vidole vya Mama Vifungo, vigumu kwa miaka ya sindano, vilishika nyuzi kana kwamba vilikuwa vinazisubiri. Dum, dum-dudum, dum. Mama akafumba macho. Asali akaangalia saa.

"Ukitaka kurekodi, bonyeza hili duara jekundu kwenye kioo. Gitaa linaingia huku, sauti yako inaingia kwenye maiki huku."

"Na kuzima?"

"Kuzima kuna haraka gani? Kwanza tuwashe." Ukweli ni kwamba kuzima hakukujua. Nyumbani kwake alikuwa anang'oa waya wa umeme. "Ila jambo moja, mama, na unisikilize vizuri. Waya wa gitaa usiuchomoe kamwe. Gitaa likipoa, sauti inakonda."

"Sichomoi."

Mama akabonyeza duara, akapiga kidogo, akaimba kidogo. Mara mteja akaita huko mbele kwamba zipu imemkatikia na yumo ndani ya gauni. Mama akaweka gitaa kitini, akakimbia.

Asali akabaki na majora ya vitambaa. Kwenye kioo cha kompyuta michirizi ya kijani ilikuwa inarukaruka kila alipokohoa. Akaiona ni mapambo mazuri. Akatoa simu, akampigia mwenye baa.

"Kaunta! Mzee wangu! Kile kishika uchumba ulichonipa hakijapotea. Ijumaa alasiri nakuletea gitaa lako hapo hapo baa. Hapana, halijachakaa, liko kwa fundi wa nguo, kaliweka kama pambo. Haya, haya."

Akakata, akaligeukia gitaa. Alikuwa na tabia ya kuzungumza nalo, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa linaijua kazi yake, na msanii yeyote anataka wa kumsifu.

"Usilie, Bibi Harusi. Huyu mama hukai naye. Betri niliyokutia imekwisha kulamba sakafu, na waya hachomoi, nimemwambia. Utazimia, nami nitakuja kuomboleza. Hujafa mke wangu, umezimia tu. Betri mpya, bwana mpya!"

Maneno yakamkaa vizuri mdomoni. Akayarudia akipiga vidole, kwa ile sauti yake ya asali, na mtetemo kidogo mwishoni:

"Betri mpyaaa, bwana mpya!"

Mama Vifungo aliporudi alimkuta amesimama kwa adabu, mikono nyuma.

*

Siku zikapita, simu ikalia.

"Kaka," Mama Vifungo alisema kwa sauti ya msiba. "Njoo. Hatuko naye."

"Nani, mama?"

"Gitaa. Jana lilikuwa linakoroma kidogokidogo. Leo nimeamka, kimya."

Asali alifika na leso nyeusi, viatu vimepigwa rangi upya. Mama Vifungo alikuwa amejifunga kanga kichwani kama mfiwa. Gitaa lilikuwa tayari limo mfukoni, zipu imefungwa mpaka juu, limelazwa juu ya meza ya kukatia.

"Nimeshindwa kuliangalia," mama alisema. "Ukitaka, fungua mwenyewe."

"Mama!" Asali aliinua mkono. "Marehemu hafunguliwi."

Hii ilikuwa kanuni ya kazi. Ukishalipa, beba, usifungue, usigeuke. Ukifungua, mtu atauliza hiki kimlango cha mgongoni ni cha nini. Badala yake aliweka kiganja juu ya mfuko, akatikisa kichwa, akapumua kwa pua.

"Limeungua ndani. Kabisa. Mimi nitalichukua kwa bei ya kuni, nikalizike kwa heshima."

"Bei ya kuni gani? Hizi ni mbao nzuri."

"Mama, maiti haina mbao nzuri."

"Basi niachie mwenyewe nilizike. Nina uwanja nyuma."

Asali akaangalia saa. Ijumaa ilikuwa ndiyo hiyo hiyo, Kaunta anasubiri, na Kaunta alikuwa mtu wa kukunja mikono ya shati kabla ya kukusalimu. Bila Bibi Harusi, Asali alikuwa mwanamume mwenye viatu vizuri basi. Akapandisha. Mama akalia. Akapandisha tena. Mama akapenga kamasi, akasema marehemu alikuwa na tabia nzuri. Walipokuja kuelewana, Asali alikuwa ametoa karibu yote aliyopewa mwanzo, na mifuko yake ilikuwa imelegea kama masikio ya mbwa mzee.

"Haidhuru," alijisemea njiani, mfuko begani, uzito uleule anaoujua. "Kwa Kaunta nitarudisha yote." Dukani akanunua betri mpya ya mraba, akaibusu, akaitia mfukoni.

*

Baa ilikuwa haijafunguliwa. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, sakafu bado mbichi kwa kupigwa deki. Kaunta alikuwa amekaa karibu na spika kubwa mbili, mikono ya shati imeshakunjwa.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, mzee wangu, na bibi harusi wako. Gitaa hili lilikuwa la mpigaji mmoja mkubwa, amehamia..."

"Ng'ambo. Fungua."

Asali akafungua zipu kwa mbwembwe, kama anayefunua shela. Kwanza kikatoka kipande cha kitambaa cha maua. Halafu kingine cha mistari. Pale penye shingo ya gitaa palikuwa na futi ya mbao ya kupimia nguo. Pale penye kiwiliwili palikuwa na pasi ya mkaa, nzito, ya kizamani, imefungwa vitambaa kama mtoto mchanga. Na kwenye kitambaa cha mwisho, kwa pini, ilikuwa imebanwa betri ndogo ya mraba iliyochoka.

Asali alitazama pasi. Pasi ikamtazama.

"Mzee wangu," alianza, "hapa kuna..."

"Ngoja. Kabla hujanipa ya kunipa, kuna wimbo nataka usikie." Kaunta akabonyeza simu yake.

Spika zikaanza. Dum, dum-dudum, dum. Besi nzito, safi, isiyo na haraka, ikaingia kwenye meza, kwenye glasi, kwenye magoti ya Asali. Ilikuwa besi nzuri mno, na kwa sekunde chache hata yeye alitikisa kichwa. Kisha sauti nene, tamu, ya taratibu, ikaimba juu yake:

"Betri mpyaaa, bwana mpya! Hujafa mke wangu, umezimia tu."

Asali akaacha kutikisa kichwa.

Mlango wa stoo ukafunguliwa. Mama Vifungo akatoka, kanga ya msiba ameifunga kiunoni, Bibi Harusi kifuani.

"Siku ile ulipoondoka," alisema, "nilikaa kusikiliza nilivyopiga. Nikajisikia mimi, halafu nikakusikia wewe. Mpaka na simu yako kwa Kaunta, na baa yake mtaa mzima unaijua. Ulinifundisha kuwasha, kaka. Kuzima hukunifundisha."

"Mama, yale yalikuwa maneno ya faragha kati yangu na gitaa."

"Na gitaa limeyapenda."

Kaunta akasimama. "Kishika uchumba changu."

Asali akageuza mfuko mmoja nje, kisha wa pili. Ilianguka betri mpya peke yake, ikateleza mpaka miguuni kwa Mama Vifungo.

"Asante," mama alisema, akaiokota. "Ya akiba."

Kaunta akatazama chini, akatazama sana. "Viatu hivyo ni namba ngapi?"

Basi Asali alitoka baa kama alivyoingia dukani siku ya kwanza, pekupeku, ila safari hii amebeba pasi. Nyuma yake Kaunta alikuwa ameurudisha wimbo mwanzo.

*

Mwezi haukuisha. Asali, akiwa mtaa wa mbali ambako hakuna aliyeijua sura yake, alimwona mwanamke mlangoni na lundo la sare za shule zilizokunjamana. Damu yake ikachemka kama zamani. Akajipanga vizuri, mfuko begani, ndala miguuni.

"Hodi, mama. Samahani, nilikuwa napita tu. Hii pasi ilikuwa ya fundi mmoja mkubwa sana, amehamia..."

Mwanamke akainua kichwa. Akainamisha sikio.

"Hebu sema tena."

"Amehamia ng'ambo, mama, na..."

"Ni yeye!" mwanamke akapiga kelele kuelekea ndani. "Jamani, njooni! Ni yule wa betri!"

Wakatoka dada zake, mama mkwe na majirani wawili, mmoja na sufuria mkononi. Mama mkwe akaanza kwa tumbo, dum, dum-dudum, na wote wakapokea kwa sauti moja: "Betri mpyaaa!" Kisha wakamtazama, wakisubiri amalizie.

Asali alifungua mdomo. Akaona kila neno atakalosema litakuwa wimbo. Akaufunga. Akaiweka pasi kizingitini. Mwanamke akatia mkaa, akaijaribu kwenye kola moja, akaridhika, akamlipa bei ya pasi, si zaidi wala si pungufu.

Pasi ilikuwa nzima, haitazimia wala haitarudi nyumbani. Hilo ndilo lililomuuma Asali njia nzima.