Pepo wa Mbeyu na Bei Yake

Jumatatu, 1 Oktoba 1956
Maalim Mbwana wa chuo cha Kurani amekuja hadi barazani kwangu, mbele ya wateja, nikiwa na suruali ya watu kwenye cherehani. Eti binti yangu Mbeyu alizifunga leso za wasichana saba pamoja walipokuwa wakisoma. Walipoinuka, wakaanguka wote. Akasema huo si utundu, huyo ana pepo. Nimtibu, la sivyo Jumamosi atanirudishia mtoto pamoja na kibao chake cha kuandikia. Tena akamtaja mwenyewe fundi wa kupunga pepo, Bi Mwanafatuma wa Bodo. Haraka ya nini? Wanagawana hawa!

Mishi, mke wangu, amelia. Yeye alitolewa chuoni kabla hajahitimu, na ameapa bintiye hayatamkuta hayo. Hata mimi roho imeniuma, ila sikumwonyesha.

Jumanne, 2 Oktoba
Bodo kwa baiskeli, jua la utosi. Fundi ataka shilingi arobaini, mbuzi mweupe, marashi chupa mbili, na ngoma siku tatu. Siku tatu! Na wapigaji nawalisha mimi. Nikamuuliza pepo hula sehemu gani ya mbuzi. Hakucheka.

Nimepiga hesabu njiani. Hasara za Mbeyu mwaka huu: mitungi miwili, kioo cha taa, na kuku wa jirani aliyepakwa wino. Hazifiki shilingi kumi na mbili. Kumponya ni ghali kuliko kumwacha! Lakini Mishi je? Amekataa kula tangu jana.

Jumatano, 3 Oktoba
Nimepata! Ngoma ni ngoma tu. Debe ninalo, mikono ninayo. Ubani senti thelathini. Kesho Alhamisi chuo hakisomwi, nitampunga mwenyewe uani. Nani mjanja Msambweni nzima? Nimemwambia Mishi asimwambie mtu. Ameitikia upesi mno. Sikuupenda upesi ule.

Alhamisi, 4 Oktoba
Yarabi! Nimepiga debe tangu alasiri. Mbeyu kakaa mkekani, kajitanda leso nyekundu, ananiambia baba unachelewesha mdundo. Pepo haji. Nikazidisha. Mara kishindo jikoni! Mama mkwe, Bi Mwanaima, aliyekuja kuazima kinu, amepandwa yeye. Mabega yatetemeka, sauti nzito ya kiume. Kumbe alikuwa na pepo wake aliyelala miaka kumi na mitano, nami nimemwamsha kwa debe!

Hakuomba, aliamuru. Leso pea mbili, halua, pete ya fedha. Na Mbeyu apewe watoto wadogo awafundishe alifu na be, maana masomo ya wenziwe ameyamaliza zamani na kukaa bure kunamchosha. Maalim akikataa, pepo atahamia kwake.

Pepo gani huyu mwenye habari za chuo? Nikasogea nimchungulie. Jicho moja likanikonyeza, au ni moshi wa ubani. Majirani walikwisha kujaa, wote wanamwitikia pepo kwa heshima, taireni, taireni. Nami nikaitikia.

Jumamosi, 6 Oktoba
Leso, pete, halua: shilingi thelathini na nne. Na mbuzi sikumla! Mama mkwe apita barazani kwangu na pete kidoleni, ananiuliza hali. Maalim habari zilimfika mapema. Kabla sijamaliza salamu alishampa Mbeyu watoto sita.

Jumanne, 9 Oktoba
Leo siku ya nne, Mbeyu ametulia. Afundisha, arudi nyumbani, aosha vyombo bila kuambiwa. Wazee awaamkia shikamoo wote, hata asiowapenda. Maalim amemsifu mbele ya wateja wangu wale wale. Amesema kwa mwendo huu atahitimu kabla ya mwaka kuisha. Mishi anakula, anaimba. Nilifurahi, sikatai. Nilifurahi mpaka adhuhuri.

Kisha nikamwita mtoto, nikamuuliza kwa siri anataka nini. Akasema sitaki kitu, baba, niko radhi. Hataki kitu! Mtoto wa miaka tisa! Hapo nikajua. Yule wa fujo ametoka, ameingia mwingine wa kimya, na hao ndio wabaya zaidi. Mishi haoni, mamake haoni, naona mimi peke yangu. Kesho alfajiri naenda Bodo kuuliza kumtoa pepo wa adabu ni shilingi ngapi.